Miguu ya Nyuma Kwanza

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nipo Kamanga, nimetoka kumuaga shangazi, nasubiri kivuko cha kurudi mjini. Kesho kutwa narudi ugenini kazini. Juzi Magu nilisafisha kaburi lako, lakini mbele ya ndugu nilishindwa kusema lililonileta. Acha niliandike.

Unakumbuka zile asubuhi ulipofungua zizi na kunisimamisha langoni? Mimi nilitaka kuchezea ndama tu. "Mama," uliniambia, "uso wa ng'ombe hausemi kitu. Tazama miguu ya nyuma kwanza." Ulimjua mgonjwa kabla hajaacha kula, na majirani walikuwa wanakuita uwatazamie wa kwao.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu sasa, ila natazama panya. Usicheke. Ugonjwa uliokuchukua, ule daktari aliotutajia ukiwa umeshalala kitandani, unaitwa ugonjwa wa prioni. Protini ya ubongo inajikunja vibaya, kisha inaziharibu zilizo karibu nayo, mpaka mtu anapoteza nguvu za miguu na kumbukumbu. Hakuna aliyekuroga, baba. Maabarani tunawaambukiza panya. Wengine tunawapa dawa ya majaribio, wengine maji matupu, na mimi siambiwi yupi kapewa nini, nisije nikapendelea. Kila asubuhi nawatembeza juu ya kijiti, naandika siku ambayo miguu imeanza kuyumba. Wenzangu wanasema nina jicho kali. Nawaambia nimefundishwa na mfugaji.

Kulikuwa na mmoja mwenye sikio lililochanika. Nilimwombea awe amepewa dawa. Asubuhi moja akayumba, kidogo sana, mwingine asingeona. Nikashika kalamu, nikatamani kungoja hata siku moja. Kisha nikaandika. Majibu yalipofunguliwa, kumbe kweli alikuwa wa dawa. Waliopewa dawa walichelewa kuugua siku chache tu, halafu wakafa kama wenzao. Mkuu wetu alizifurahia hizo siku chache, akasema sasa tuna pa kuanzia. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Yule panya nilimlilia kidogo. Zaidi nilikulilia wewe, nilipokumbuka siku ile tulipokuja kumtembelea shangazi. Ulipepesuka ukishuka kivukoni hapa hapa, watu wakacheka, na mmoja akasema, "Mzee kaanza mapema leo!" Nikaona aibu, nikatangulia kama sikujui. Ulinikuta kwenye bodaboda, jasho linakutoka.

"Mama, sijanywa," ulisema.

Nilimwambia dereva tuondoke. Niliyekuwa nimefundishwa na wewe nilitazama nyuso za watu, miguu yako sikuitazama. Hata baadaye, ulipokuwa umesahau jina langu, nikikuamkia uliitikia "marahaba" vizuri kabisa, na bado sikuwahi kulitaja jambo lile.

Kivuko kimefika, abiria wanashuka. Nimejikuta natazama miguu ya kila mzee anayepita. Kuna mmoja anashuka kwa shida, ameshika ukuta, na watu wanampita. Naacha kuandika, nakwenda kumshika mkono.

Hukunywa, baba. Nisamehe.

Ni mimi binti yako,
uliyekuwa ukimwita Mama