Shuka Kwenye Waya wa Opa

Wilma mjukuu wangu,

Nimekwenda kupika kanisani. Uji wa papeda na mchuzi wa samaki nimevifunika.

Kile kisanduku cha kuwianisha antena ya redio usikiguse. Asubuhi babu yako Opa alizungusha vifundo polepole mpaka mshale ukashuka kabisa, akapiga makofi. Mimi nikatoka kuanua shuka mbichi ulizoanika kwenye waya wa antena. Kurudi ndani, mshale umepanda, naye kashika kichwa. "Oma, mikono yangu imekwisha. Mwanetu Melki akituita jioni kutoka melini, atatukuta mabubu." Akaenda kujilaza, hataki neno.

Kumbe alikuwa ameiwianisha antena pamoja na shuka zako, mtoto wewe!

Akiamka mwambie ~~ni mimi niliyeanika~~ ukweli. Opa hali watu. Kisha mwache azungushe mwenyewe, redio ikiwa kwenye nguvu ndogo kwanza, kama anavyotufundisha. Hata akikawia usimsaidie. Anataka kumpata baba yako kwa mikono yake mwenyewe.

Nitarudi na kamba ya nguo.

Hapa ninapoandika ameanza kukoroma. Usiburute kiti.

Oma