Sakafu ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia tena. Ndiyo kazi yangu ya asubuhi tangu wodi ya wazazi ibomolewe. Mvua za masika zilipasua kuta, nazo kuta zikashushwa zisije zikaua mtu. Imebaki sakafu ya saruji. Matofali tumejengea viti, pembeni tumepanda maua. Nimezalisha humu tangu usichana wangu hadi nimestaafu. Nataka pawe bustani ya kumbukumbu, pasafi, pa heshima. Najivunia. Nani atanikataza?

Jumatano, 6 Agosti
Nina hasira. Nimekuta usipa, vile visamaki vya ziwani, umeanikwa sakafu nzima. Ni Mama Ester na wenzake. Nimewaambia waondoe, hapa si ufukweni. Mama Ester, ambaye watoto wake wote nimewapokea kwa mikono hii, alitoa shikamoo kwanza, ndipo akasema kule chini mchanga unaingia kwenye samaki. Saruji inakausha vizuri. Nimewafukuza hivyo hivyo. Nguo zinanuka mpaka sasa. Lakini bustani imetulia, haina mtu, inapendeza.

Alhamisi, 7 Agosti
Mwenyekiti wa kijiji kapita. Kanikuta peke yangu na maua. Anasema kiwanja kimekaa bure, watu wanataka fremu za maduka, mkutano wa Jumamosi utaamua. Nikamwambia hapa ni kumbukumbu. "Sawa, mama. Ila mbona simwoni anayekumbuka?"
Nikaokota ufagio, nikafagia palipokwisha kuwa safi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwenda kwa Mama Ester. Kumeza maneno yako mwenyewe ni kazi. Nimemwambia warudi na usipa wao. Hakunicheka. Aliuliza tu, na mihogo je? Nikasema hata mihogo. Nikamwambia na habari ya fremu. Akaendelea kumenya mihogo yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Mkutano. Nilikuwa na hotuba, sikuitoa. Mama Ester alinitangulia kusimama. "Pale nilizaa, pale naanika. Anayetaka duka akajenge kwake." Basi. Wanawake wakainuka mmoja mmoja, kila mmoja akitaja mtoto aliyemzaa pale. Wanaume wazima wenye ndevu wakasikia majina yao, wakainamisha vichwa kwa aibu. Mwenyekiti naye akatajwa, tena na mama yake mzazi. Nimecheka mpaka machozi. Fremu zitajengwa barabarani, kiwanja ni chetu. Nimejaa fahari hata ugali haupiti.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefika na ufagio, hapana pa kufagia. Usipa umetanda mpaka kwenye maua, mihogo upande wa ziwani. Wameniamkia, wakaendelea na kazi.
Katikati ya usipa wameacha mahali patupu, urefu na upana wa kitanda. Ndipo kilipokuwa kitanda cha kuzalia. Sikumwambia mtu apaache.
Nimepafagia hapo tu, nikaketi nao.