Ngamia Ndani ya Kompyuta

Garissa, Jumanne, 1998

Hapana, leo adeer, baba yangu mdogo, amenishinda kabisa. Tangu baba afariki, huyu kaka yake hataki niende dukani peke yangu, basi akanisindikiza nikachague kompyuta ya kuhariria kanda za harusi. Kanda za wanawake wakicheza siwezi kuzionyesha mbele ya wanaume, kwa hiyo nilibeba kanda ya soko la mifugo kwa majaribio.

Kwenye kompyuta mpya, ile ghali, picha ilikwamakwama na ngamia wakawa ukungu mtupu. Kwenye ile ya mitumba yenye kadi nzuri ya video, hata chapa ya shingoni ilionekana.

"Simamisha hapo!" adeer akapiga kelele. "Wallahi, hiyo ngamia ni yangu, ile ilipotea!"

Asubuhi alikuwa anasema kompyuta ni upuuzi. Sasa akamhimiza muuzaji aifungashe ile ya mitumba upesi, na nusu ya bei akalipa yeye.

Nilifurahi mpaka tulipofika kwake. Ameifungia chumbani kwa kufuli. Ati ni shahidi, haitoki mpaka wazee waione.

Na mama wa bibi harusi anataka kanda yake Ijumaa. Nimwambie nini? Kwamba harusi ya bintiye inasubiri kesi ya ngamia?