Kaka Deo, Gari la Sinema Limerudi

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo na sitaanza leo.

Gari la sinema limerudi Runazi. Tangu mlipoondoka na mgambo wenzako kwenda vitani halikuonekana tena, watu wakadhani nalo limechukuliwa na jeshi. Ni lilelile, ila taa moja imepasuka, na bwana wa sinema ni yuleyule mwenye kikohozi. Shuka waliifunga palepale kwenye ukuta wa ghala la kijiji. Nikaona nikuhadithie picha zenyewe, maana ungekuwepo usingenipa usingizi mpaka tuzibishanie zote.

Ya kwanza ilikuwa ya kuhifadhi mahindi. Mahindi, Deo! Mtu kavaa soksi ndefu anatufundisha kujenga kihenge, sisi tuliozaliwa vihenge vikiwa uani. Na mahindi yake manono, wakati sisi mwaka huu tunakula ugali wa muhogo na chumvi ya kuombana. Bibi Anastazia, jirani yetu, akapaza sauti: "Aje na hayo mahindi, kihenge tunacho!" Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, halafu nikajisikia vibaya kucheka.

Ya pili ya Kihindi. Ndefu, jamani! Msichana kafiwa na baba yake, anaimba. Mchumba kamkataa, anaimba. Mvua inamnyeshea, ndiyo kwanza anazidisha. Mimi nilipopata habari zako sikuweza hata kuomba maji ya kunywa. Staringi ni kijana mzuri, sikatai, lakini anapiga watu kumi na nywele hazitimki. Siitaki tena.

Halafu hapakuwa na wa kututafsiria. Ulivyokuwa ukisimama kando ya shuka na fimbo yako, ukiwageuzia akina mama maneno kwa Kisubi, na kila mtu akijua kwamba Kihindi hukijui na Kiingereza hukijui! Ulikuwa unatunga tu. Uliwahi kumfanya adui aombe mahari ya mbuzi, mtu ana bastola mkononi. Safari hii watu walikaa kimya wanatazama midomo inacheza, na wengine wakaondoka kabla haijafika nusu.

Mama hakuondoka. Unakumbuka ile picha ambayo staringi aliuawa, mama akalia mpaka akashindwa kula? Ukamwambia, "Mama, staringi hafi. Ngoja gari lije tena, utamwona." Gari likaja na picha nyingine, na kweli, yuleyule kijana kafuga masharubu, yuko juu ya farasi. Mama nusura aende kumsalimia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ulitaka kumtuliza tu, najua, lakini maneno yale mama aliyaweka.

Maana mwenyekiti wa kijiji alipokuja na askari kutuambia umeanguka vitani, na kwamba umezikwa hukohuko na wenzako, ukoo ulikaa. Wazee wakasema mwili haupo, basi ifuatwe mila: ukatwe mgomba, uvikwe sanda, uzikwe mahali pako, kisha matanga yaondolewe. Mama akasimama mlangoni. "Nani kauona mwili wa Deo?" akawauliza. "Mkizika mgomba na mtoto yuko hai, mtakuwa mmemuua ninyi." Nani angethubutu kushika panga tena? Hata baba mdogo, unavyomjua kwa ubishi, aliinamisha kichwa.

Tangu hapo anakupakulia chakula kila jioni. Lori likipunguza mwendo barabarani anaacha jembe anakimbia. Amekonda, kaka, ukimwona utamhurumia. Na hakuwahi kulia, hata chozi moja. Baba mdogo akawa ananiambia, "Speransia, kilio kikikaa ndani kitamla mama yako. Tutazika wawili." Nilikuwa namkasirikia kwa kusema hivyo, lakini nilikuwa naona mwenyewe.

Sasa picha ya tatu. Ilikuwa ya vita.

Nikwambie ninavyoiona? Ni ya uongo. Si kwamba watu wale hawakuwepo, la. Lakini wote wanacheka juu ya malori, wanapunga mikono, wanavuka daraja, muziki unapigwa. Hakuna anayekufa. Kama vita ilikuwa hivyo, wewe uko wapi?

Ikaja sehemu askari wanatembea kwa miguu, wametupa mgongo. Mmoja begi begani, bega la kushoto limeshuka, mwendo wa kuburuta kidogo. Kama wewe kabisa, kaka. Yule kijana akaanza kugeuka, na hapohapo mkanda ukakatika. Shuka ikabaki nyeupe. Vijana wakapiga miluzi, na katikati ya miluzi mama akainuka: "Ni Deo! Ni mwanangu! Si niliwaambia?" Bibi Anastazia akapiga vigelegele. Ningempingaje, na mimi mwenyewe nilikuwa natamani iwe kweli?

Tulirudi nyumbani mama anatembea kama msichana. Kesho yake akafua shati lako. Akaanza kuwatangazia watu sokoni, nao wakawa wanaitikia huku wanatazama pembeni. Nikasema hapana, hii itamuua. Nikaulizia gari limeelekea wapi, nikaambiwa Kaniha. Tukaomba lifti kwenye lori la pamba, mama na mimi, juu ya magunia. Nikamwomba bwana wa sinema atuonyeshe ile picha tena. Alinitazama, akamtazama mama, akasema mkanda ameshauunga, tukae mbele.

Tukakaa chini, karibu kabisa na shuka. Tukaonyeshwa mahindi tena, Mungu anisamehe nilivyoyachukia. Kisha daraja, kisha wale wa miguu. Nikamshika mama mkono. Yule kijana akatembea, bega limeshuka, akageuka.

Alikuwa na pengo mbele na uso mpana. Alicheka, akapita.

Mama hakupiga kelele. "Siye," akasema. "Huyu ni mtoto wa mwenzangu. Mungu amrudishe kwa mama yake."

Ndipo akalia. Kaka, sijawahi kusikia mtu akilia vile. Bwana wa sinema akazima mashine, picha ikaachwa hapohapo, wala hakuna aliyelalamika. Wanawake wa Kaniha, hata jina letu hawalijui, wakatoka walipokaa wakaja kumzunguka, wakalia naye. Nililia na mimi. Nilikuwa bado sijakulilia hasa, nilikuwa nina kazi ya kumtazama yeye.

Jana amemwita baba mdogo akamwambia watafute mgomba. Kisha akasema hapana, ataukata mwenyewe. Amechagua mmoja nyuma ya nyumba, umenyooka, hauna ugonjwa. Ameomba uvikwe shati lako kabla ya sanda, na hakuna aliyepinga. Padri amesema atakuja. Kesho tunakuzika.

Kwa hiyo kwaheri, kaka yangu. Popote walipokulaza, ulale salama, na wenzako pia. Nakuahidi mama hatakula peke yake wala hatakaa na njaa maadamu nina mikono ya kushika jembe. Watoto nitakaowazaa nitawaambia ulikuwa nani. Ulikuwa mwongo wa Kihindi na mtu mwema, na sijui nitapata wapi mwingine wa kubishana naye.

Ningeandika zaidi, lakini mama ameanza tena kulia huko ndani, na sitaki alie peke yake.

Mdogo wako,
Speransia