Ile Ng'ombe ya Clementi

Bukima,
Musoma Vijijini.
21 Februari 1999

Mpendwa mwanangu Leodgar,

Hujambo huko Tunduru? Mimi mama yako mzima, ila magoti yananisumbua nikiinama kupalilia, na jicho la kushoto limeingia ukungu. Na wewe kile kifua bado kinakukohoza? Nani anakupikia? Pastory wa jirani aliporudi mwezi jana kutoka huko machimboni akaniambia, "Mama, Leodgar nimemwona kwa macho yangu, anatembea." Nilikaa chini palepale juu ya udaga wa mihogo niliyoanika. Miaka yote hii nilikuwaga nakuombea bila kujua nikuombee kama mtu hai au kama marehemu.

Anayeandika ni katekista Stanislausi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nikitukana anaweka kalamu chini, kwa hiyo pale utakapoona maneno yamekuwa mapole, jazia mwenyewe.

Huku mvua imegoma. Dagaa wapo, ila furu tuliyokulaga wakati wewe mdogo haipo tena, sangara amemaliza. Na huyo sangara ndiye ameleta viwanda mjini, na kiwanda ndiyo kimenifanya nikuandikie. Ngoja nianze vizuri.

Mtoto wako Getruda, mke mwenzangu yule, alipata kibarua kiwandani Musoma, kukata minofu. Amepanga chumba Buhare na mwenzake Hyasinta. Wanasimama kwenye maji ya barafu toka asubuhi, vidole vinakufa ganzi, halafu jioni getini wanakaguliwa, wasije wakabeba samaki. Kuna mwanamke aliwekwa kwa hiyo kazi. Supavaiza wao Clementi, mtu wa Butiama, akamwondoa, akawa anakagua mwenyewe. Anaingiza mkono ndani ya blauzi, anaushusha mpaka kule ambako samaki haiwezi kukaa. Anayenyamaza, kesho anaitwa kazini. Anayeruka, kesho jina halitajwi.

Hyasinta alinyamaza, maana ana mtoto. Getruda siku moja akavua buti lake la mpira, akamchapa nalo usoni mbele ya foleni nzima. Wenzake walicheka, mmoja akapiga kelele, "Supavaiza, jikague na pua, labda kuna sangara!" Kicheko kilikuwa cha jioni ile tu. Kesho yake Getruda hakutajwa, na mpaka leo hajatajwa.

Akaenda polisi. Askari akamwambia, "Wewe binti, kukaguliwa nayo ni kesi?" Akarudi, wakamfukuza, akarudi tena. Mwishowe sista mmoja wa parokia, anayesaidiaga wanawake, akaenda naye. Akawaambia kuna sheria mpya imetoka mwaka jana, mkubwa wako wa kazi akikushika bila hiari yako ni kosa, anaweza kufungwa. Ndiyo kesi ikaandikwa. Leodgar, mimi nimezaliwa mpaka nimezeeka, sijasikiaga mwanamke anamshitaki bosi kwa sababu ya mkono. Sisi ilikuwa unaoga, unanyamaza.

Sasa sikia mdogo wako Boniphace alichofanya. Mimi nilikuwa nimevuka na kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe, kwenye msiba wa dada yangu. Huku nyuma wazee wa kina Clementi wakaja hapa na ng'ombe jike, ina mimba. Wakasema kijana wao amekosa, wanaomba radhi. Haya. Lakini wewe unajua mambo ya hapa kwetu: ng'ombe ya radhi inachinjwa siku hiyohiyo, waliokosana wanakula pamoja, jua likizama imekwisha. Ng'ombe inayoingia zizini ikalala, hiyo ni mahari. Boniphace anajua hivyo kama anavyojua jina lake. Ila akaangalia lile tumbo, akaangalia watoto wake hawana maziwa, akasema, "Hii tutaichinja ikishazaa." Akaifunga zizini kwako. Wale wazee hawakubisha. Wabishe nini?

Mahakamani wakili wa Clementi akasimama. Akasema huyu binti ni mchumba wa mteja wake, mahari ilishapelekwa, ng'ombe iko zizini kwao, anayetaka aende akaione. Eti ni wapenzi wamegombana, hakuna kosa hapo. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikaficha uso kwenye kanga. Boniphace akaitwa, akasema ile ilikuwa radhi. Wakili akamuuliza, "Mliichinja?"

"Hapana."

"Inalala wapi?"

"Zizini."

"Ahsante mzee, kaa."

Toka siku hiyo Boniphace haongei na mtu. Anaamka, anaikatia ile ng'ombe majani, anarudi ndani. Hata nguvu ya kumgombeza sina.

Na Hyasinta aliyekuwa awe shahidi amesema yeye hakuona kitu. Walimsimamisha kazi alipotajwa kuwa shahidi, sasa wamemrudisha kiwandani. Bado wanalala chumba kimoja na Getruda, maana mtoto wako hana pa kwenda, lakini hawasalimiani.

Nikaona niirudishe mwenyewe. Mimi na Pastory tukaiswaga mpaka Butiama, tukalala njiani, nikafika miguu imevimba kama mihogo. Baba yake Clementi hakutupa hata maji. Akasema, "Mama, toka lini mwanamke akarudisha mahari? Na huyo Boniphace amepokea tu kwa niaba. Mwenye binti yuko wapi? Aje yeye." Na akaongeza kwamba kesi ikiisha watakuja kumchukua mke wao. Tukageuka na ng'ombe yetu.

Hakimu ameahirisha mpaka baada ya Pasaka. Ukifika kabla, utaipeleka wewe, mbele ya mtendaji na watu, halafu utasimama mahakamani useme wewe ndiye baba, hujamwoza mtu. Sista anasema bila hivyo kesi itaanguka.

Pastory ameniambia kwa nini huji. Hujapata jiwe la kuuza, unaona aibu kurudi mikono mitupu. Mwanangu, nani alikutuma mawe? Njoo na hiyo nguo uliyovaa.

Shangazi yako Marcelina anakusalimu, na Pastory, na mama mkwe wako Ghati, ambaye bado anakulaani lakini kidogo tu. Boniphace hajasema nikusalimie. Nakusalimia kwa niaba yake. Mungu akutoe salama ndani ya hayo mashimo, na Bikira Maria akutangulie njia nzima.

Na hili katekista aliandike mwisho, ndiyo libaki kwako. Siku ile wakili alimuuliza Getruda, "Baba yako anasemaje kuhusu hii mahari?" Mtoto akaangalia chini, akajibu, "Baba yangu sijui kama yuko hai." Hakudanganya, Pastory alikuwa hajarudi. Sasa anajua uko hai. Baada ya Pasaka watamuuliza tena, Leodgar, na kama hupo, sijui atawajibu nini.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Susana
(dole gumba langu hili)