Mfungo Mkavu Kalahari

Jumatatu, 18 Septemba 2017

Magauni ya kwaya yamekwisha. Kola ya mwisho nimeishona asubuhi, nikafunga duka. Mchana nimeosha gari letu, kombi. Marehemu mume wangu, Baba Neema, ndiye aliyeigeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, na mapazia niliyoshona mimi kwa vipande vya vitenge. Kila Septemba tulikwenda nayo jangwani, sisi wawili. Tangu afe imesimama tu uani hapa Malvern.

Sasa naenda peke yangu. Shemasi Yosefu ameniomba ndoa. Naye alifiwa na mkewe. Anangoja jibu Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Wamama wa kanisa wamesema nifunge siku tatu, mfungo mkavu, bila chakula, bila maji, na Mungu atasema. Kwetu Uvira kwa jambo kama hili tulipanda mlimani. Mimi nitafungia jangwani.

Neema ana hasira. "Mama, peke yako? Na hiyo kombi? Eish." Binti yangu ni Kiingereza siku zote, Kiswahili anakitoa akikasirika tu.

Jumatano, 20 Septemba

Nimefika. Jana nililala kwenye kituo cha mafuta, milango nimefunga, Biblia kifuani. Malori yananitisha.

Zamani mimi nilikaa kiti cha kushoto, namenya machungwa, namlisha Baba Neema akiendesha. Leo nilisimama kando ya njia, nikamenya moja, nikakosa wa kumpa. Nimelila lote.

Kambi ni ile ile ya kila Septemba. Mwenye kambi, Tannie Lena, yaani shangazi Lena kwa Kiafrikana, amenikumbatia, akauliza mume yuko wapi. Nimemwambia. Amelia kuliko mimi.

Alhamisi, 21 Septemba

Siku ya kwanza ya mfungo. Tannie Lena ameleta kahawa. Nimekataa. Saa sita ameleta tena, na mkate. Nimemweleza kwamba ni maombi. Akauliza, hata maji? Hapa? Nimesema hata maji. Ameondoka na sinia lake, nadhani nimemuudhi.

Nimepanda matuta kwa miguu, viatu mkononi. Mchanga mwekundu, hakuna nyayo za mtu. Baba Neema alikuwa anabaki nyuma akihema, anasingizia kwamba anatazama ndege. Kufunga hakuweza kabisa. Siku ya pili ungemkuta kwenye kombi na mkate mdomoni. "Mungu analijua tumbo langu," alisema. Nimecheka peke yangu huko juu. Halafu nikalia.

Mungu bado kimya.

Ijumaa, 22 Septemba

Asubuhi. Ulimi mkavu kama kitambaa. Kichwa kinagonga. Naenda kwa baiskeli ya kambi mpaka kilima cha mawe, pale tulipokuwa tunasali. Chupa ya maji naiacha hapa mezani, nisijaribiwe.

Jumamosi, 23 Septemba

Jana nilikaribia kufa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kwenda nilikwenda vizuri. Nilipanda kilima, nikasali, nikamwuliza Mungu waziwazi: niolewe au nisiolewe? Hakuna neno. Upepo tu. Wakati wa kurudi jua likawa kali. Jasho likakoma. Mara niko chini, baiskeli juu ya mguu wangu, na sikumbuki kuanguka.

Nikasema Yesu. Kisha nikamwita Baba Neema. Nilimwita kama mtu anavyomwita aliye chumba cha pili, kwa hasira kidogo, mbona anakawia. Nikangoja. Nilingoja kweli, nikisikiliza miguu yake.

Hakuja. Ndipo nilipojua amekufa. Nilimzika mimi, nguo ya kaburini nilimshonea mimi, lakini miaka yote hii nimekaa kama mke ambaye mume wake yuko zamu ya usiku.

Nikainuka. Ng'ambo ya seng'enge kulikuwa na kinu cha upepo kinachovuta maji, na hori la kondoo. Nilitambaa chini ya waya, sketi ikachanika. Kondoo wakanipisha kidogo, si sana. Nikatumbukiza uso. Maji ya kijani, yana manyoya. Nikanywa, nikanywa tena. Sikumwomba Mungu msamaha. Nilimwambia asante.

Tannie Lena alinikuta barabarani nikisukuma baiskeli, akanipandisha kwenye bakkie, pikapu yake. Hakunigombeza. Jioni alileta kahawa, akakaa mpaka nikamaliza.

Jumatano, 27 Septemba

Nimefika nyumbani. Neema alinishika uso kwa mikono miwili, kisha akanigombeza kwa Kiswahili safi, sijui alikificha wapi. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 1 Oktoba

Baada ya ibada wamama walinizunguka. Nimepewa neno gani? Nimesema nimepewa kondoo. Hawakucheka.

Shemasi Yosefu alingoja karibu na geti, kofia mkononi. Hakuuliza. Nikaanza mimi.

"Shemasi, Mungu hakusema kitu. Na siku ya pili nilikunywa maji."

Alitazama viatu vyake. Nilidhani ataniambia nifunge upya.

"Mimi mwenyewe sina nguvu ya mfungo mkavu," alisema. "Niliogopa kuwaambia wamama."

"Basi jibu ni langu mwenyewe. Ndiyo. Lakini twende polepole."

Akasema asante, mama. Akavaa kofia, akaivua tena.

Nyumbani nimemweleza Neema. Alikuwa anakunja nguo. Akauliza kama atalazimika kumwita Papa, kama baba yake. Nimesema hapana, Papa wake ni mmoja. Amwite Papa Yosefu, inatosha. Akasema sharp, sawa. Tukaendelea kukunja nguo, yeye mashati, mimi mashuka.