Huyu Mutoto Tulimubatiza Ezéchiel

Bukavu, Bagira, tarehe 2 Desemba 2023

Mupendwa yaya Eulalie,

Pokea salamu za mudogo wako Madeleine, zimetoka huku kwenye baridi yetu mpaka kwenye jua lenu la Lubumbashi. Uko muzima? Shemeji Yannick iko muzima, na watoto wanasoma? Ile sukari yako ya mu damu imeshuka, ama bado unajidanganya na Fanta? Ukinijibu, anzia hapo.

Siye tuko, Mungu anatusaidia. Maman magoti inamuuma, lakini juzi alishuka mwenyewe mpaka ku soko kugombana na wauzaji wa majani ya sombe. Maharagi yetu ya Mudaka imeozea mu shamba. Mvua inanyesha kila siku, na ikianza tu watu wanatoka inje kutazama mulima ulio juu ya nyumba zao.

Utashangaa kupata barua ya karatasi mu wakati huu wa WhatsApp. Simu yangu ni ile Polycarpe alininunulia, na mutu wake mumoja alinirudishia maneno ambayo nilikuandikia weye peke yako. Njo maana hii karatasi nampa Sista Nathalie, atapanda ndege Jumatatu. Ukimaliza kusoma, choma.

Kampanye imeanza. Kaka yetu Polycarpe anataka watu wamurudishe ku bunge la jimbo, na shida yake ni prezida wa chama chake, ule muzee Ezéchiel wa Kinshasa. Mwaka jana, kilima kilipoanguka na kuzika watu, muzee alisema ku radio: watu wa Bukavu wanapenda kulala mu matope, sasa matope imewapenda. Yaya, hayo maneno muji haukuyameza. Tangu siku ile, ukitaja jina Ezéchiel ku barabara, unajibiwa na mawe.

Ungewaona wale waliokuwa wanamubebea sakoshi! Mumoja anasema chama alikiazima tu. Mwingine amepaka gari yake rangi mupya, na mvua ikinyesha rangi ya zamani inachungulia. Affiche zenye picha ya Polycarpe zilikuwa zimeshachapwa, yeye na muzee wamesimama pamoja, basi vijana wake walipita na makasi wakamukata muzee. Lakini muzee alikuwa amemushika bega, na ule mukono haukukatika vizuri. Sasa Bagira nzima kaka yako anacheka peke yake ku ukuta, na vidole vya mutu mwingine viko ku bega yake. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizi nikipita pale ninatazama miguu yangu.

Sasa unisikilize vizuri, maana weye njo marraine. Unakumbuka ulivyomubeba mutoto wa Polycarpe ku maji ya ubatizo, ile miaka, na muzee mwenyewe akasimama kuwa parrain, akamupa jina lake. Polycarpe alipiga kelele kanisani, "Homonyme wa Prezida!", na padiri akamukaripia. Tulikula, tukacheza, kila mutu akataka kumubeba Ezéchiel mudogo. Basi Jumatatu iliyopita, mchana kweupe, gari ya Polycarpe ilisimama kwangu, akamushusha mutoto na mufuko wa nguo. Akaniambia: "Mado, kuanzia leo huyu ni David. Ile jina ingine sitaki kuisikia hapa, ata kidogo." Nikamuuliza bibi yake Carine anasema nini. Carine alikuwa mu gari, ata kioo hakushusha.

Mutoto hajui kuwa David. Ukimuita anaendelea kucheza, halafu anakumbuka, anaitika na woga kama mutu aliyevunja sahani. Watoto tunaokaa nao mu parcelle wanaimba wimbo wa kumutukana Ezéchiel, na yeye anaimba nao, tena anawapita kwa sauti. Hiyo iliniumiza, yaya, nikaingia mu jiko nikalia.

Alhamisi Polycarpe alifanya mukutano hapa Bagira. Nilienda na mutoto kwa sababu alinisumbua, anataka kumuona baba yake. Katikati ya watu, maman mumoja akapaza sauti: "Honorable, na mutoto yako anaitwa nani?" Watu wote wakamugeukia. Polycarpe akacheka kama anavyocheka ku affiche, akasema: "Ezéchiel? Siko na mutoto wa jina hiyo, maman. Sijakuwa naye." Wakapiga makofi. Mutoto alikuwa ameshika mukono wangu, akauachilia. Kabla ya pale alikuwa ananiuliza kila asubuhi papa atakuja kumuchukua lini. Sasa haulizi tena.

Kumbe yale maneno yalifika Kinshasa siku ileile. Muzee anakuja hapa Jumapili ya tarehe 10. Amemupigia Carine, Polycarpe hapana, na akamwambia kwa upole sana kwamba anataka homonyme wake asimame naye ku podium mbele ya watu wote, avae suti nyeupe kama siku ya ubatizo. Suti ameshaituma, Carine akanipitishia. Iko hapa, nimeitundika nyuma ya mulango, na mutoto hataki kulala akiitazama. Yaya, ule uwanja utajaa watu waliozika watu wao. Na utawaambia nini, kwamba mutoto hana kosa? Wanajua. Jiwe likisharushwa halijui.

Polycarpe naye anasema mutoto apelekwe Luhwindja, kwa watu wa machimbo ambao ata miye siwajui, "mpaka uchaguzi upite." Nimemukatalia. Akaniambia eti sielewi politike. Ni kweli, sielewi! Ninaelewa tu kwamba mutoto analala ku kitanda chake.

Lakini jana asubuhi jeep moja isiyo na plaque ya namba ilisimama mbele ya parcelle yetu, na leo imerudi. Vijana wawili walimuuliza jirani kama mutoto wa député iko hapa, na analala chumba gani. Wametumwa na muzee, ama na kaka yetu, ama na watu waliofiwa? Nimehesabu wote watatu mu kichwa na wote watatu wananitisha. Maman amesukuma kabati nyuma ya mulango wa inje. Unamujua Maman, anaona mbali.

Yaya, umuchukue. Sina shauri ingine. Polycarpe akiwa député ama akiwa nani, mbele yako anarudi kuwa mudogo. Mupigie, mugombeze, mwambie marraine anataka mutoto wake Lubumbashi kabla ya ile Jumapili. Jibu lako mupe Sista Nathalie, atapiga simu ku couvent ya masista hapa, na miye nitaenda pale kila siku kisha misa ya asubuhi. Usipite ku simu yangu, nakuomba kwa magoti.

Unisalimie shemeji Yannick, na Bijou, na Aganze wetu mwenye kelele. Maman anakubariki kwa mukono wake wa kuume: Mungu Nyamuzinda akuchunge weye na wote walio chini ya paa lako, na yule atakayekuja.

Hapo chini nimemuachia mutoto nafasi akusalimie mwenyewe, iko mu darasa ya troisième, anajua kuandika. Nimemwambia aweke jina analotaka. Sijamuchagulia.

Wako akupendaye,
Mado

Marraine, niko muzima. Nimepata 7 ku 10 mu dictée. Ile suti inanibana ku shingo. Kwako nitachota maji na nitaosha vyombo. Ukiniita nitaitika mara moja.

Wako akupendaye,